Machela Isiyoguswa

Haya si ya kale. Mahindi ya msimu ule bado ninayo darini, na fukusi ndio kwanza wanaanza kuyagundua. Yalitokea katika nchi ambayo jina lake siwezi kukuambia, si kwa uoga, ila kwa sababu jina lenyewe limepelekwa kufanyiwa marekebisho, na wananchi tumeombwa tusilitumie mpaka lirudi.

Katika nchi hiyo sisi tunakaa Ngwasi, kijiji cha juu kabisa mlimani. Gari haifiki. Pikipiki ilifika mara moja, ikashuka peke yake bila mwenyewe. Hospitali iko chini bondeni, na njia ya kwenda huko ni mawe, matope na mizizi, kwa hiyo mgonjwa wa Ngwasi hushuka kwa machela.

Acha niieleze vizuri, maana baadaye watu wa serikali waliieleza wakakosea. Ilikuwa miti miwili ya mianzi, imelainishwa na mabega ya watu. Katikati palikuwa na kitanda cha kamba za katani, nilichokifuma mimi kwa kubana ili mgongo wa mgonjwa usizame. Juu yake vijiti vya kuinama, vya kutandazia kanga, jua lisimpige usoni. Haikuwa na mwenyewe. Ilitundikwa chini ya upenu wa nyumba ya aliyebebwa mwisho, na mwenye shida angeifuata hapo. Kila nyumba ilikuwa na zamu ya kubeba. Wabebaji hawasemi maneno mengi njiani, hupiga ukelele mmoja tu, "Njia!", na hapo hata harusi husogea kando, hata ng'ombe husukumwa shambani, na aliye karibu huingiza bega. Machela hushuka na mtu, hupanda tupu. Anayepandishwa ndani yake ni maiti tu.

Mwaka ule aliyekuwa akiingoja ni mjukuu wangu Namkunda. Mtoto wake wa kwanza alifia tumboni wakati tunamsubiri mkunga apande mlima. Daktari akamwonya: huyu wa pili asithubutu kumzalia nyumbani. Uchungu ukianza tu, ashushwe, tena amelala, asitembee hata kidogo. Basi mumewe Eliamini akaipaka mianzi mafuta, nami nikazikaza kamba upya.

"Bibi, unazikaza kama unamfunga mbuzi," Namkunda akaniambia.

"Mbuzi gani mwenye tumbo kama hilo, mke mwenzangu? Hebu lala nikupime."

Akalala, akacheka mpaka kamba zikatikisika. Mwezi wake ulikuwa bado.

*

Ndipo serikali ilipogundua kwamba nchi imepungukiwa na uzuri. Ilitangazwa redioni, baada ya habari ya upungufu wa dawa na kabla ya ile ya upungufu wa mafuta ya taa. Wizara ya Uzuri na Mambo Yanayofanana Nao ikaagizwa kuandaa Maonyesho ya Sanaa ya Wazi, yaani si ndani ya jumba, bali chini ya anga. Anga, alisema Waziri, tunayo ya kutosha, na hatujaikopea popote.

Afisa wa Sanaa za Uwanjani, Bwana Sifaeli, akatumwa vijijini kutafuta kazi za kuonyesha. Mwenyekiti wetu, Mzee Mbwambo, akapita nyumba hadi nyumba. "Jamani, anakuja mtu wa serikali. Anatafuta vitu vizuri." Hakusema zaidi, wala hatukuhitaji. Tukaficha. Tukaficha vigoda, vinu, mikeka, ngoma, na kile chungu changu chenye shingo. Mzee Mbwambo alimwingiza hata jogoo wake mwekundu kwenye gunia. Machela ndiyo pekee ambayo hakuna aliyeificha. Nani achukue machela? Hata mwizi huugua.

Bwana Sifaeli akafika na viatu vya ngozi vyenye ncha. Akaizunguka Ngwasi nzima, hakuona kitu ila kuta.

"Mnaishi bila chochote?" akauliza.

"Tunaishi hivyo hivyo, mheshimiwa," akajibu Mzee Mbwambo, na jogoo akawika ndani ya gunia.

Akaondoka amenuna. Penye jiwe la utelezi, pale njia inapoanza kushuka, viatu vyake vikamtupa, kifundo kikateguka, akapiga yowe lililonifikia jikoni. Hatukuulizana kitu. Wanaume wanne wakaingiza mabega, Eliamini mbele, nami nikamtandazia kanga yangu ya kisutu asichomwe na jua. Njia! Wakamshusha polepole kama wamebeba mayai. Eliamini alinisimulia kwamba walipofika katikati ya mlima yule bwana aliacha kulia, akaanza kuzipapasa kamba. Akasema, "Mh." Mbele kidogo tena, "Mmmh." Walipomtua karibu na gari lake akasimama kwa mguu wake mwenyewe, akaizunguka machela, kichwa amekiinamisha upande.

"Hii," akasema, "ni safari ya taifa." Akamwamuru dereva aipakie.

"Bosi, hiyo ni ya wagonjwa," Eliamini akamwambia.

"Ndiyo maana inauma hivi," akajibu Bwana Sifaeli, amejishika kifua.

Basi wanaume wakapanda mlima mikono mitupu. Na kanga yangu ikaenda nayo.

*

Nilishuka mwenyewe kuiomba. Wizara ilikuwa imefungua ofisi ndogo pale bondeni, na machela yetu imesimamishwa mlangoni, imeegemezwa ukutani kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Shikamoo, bibi. Karibu. Tukusaidie nini?" Bwana Sifaeli ana adabu, hilo siwezi kumnyima.

"Marahaba, mwanangu. Nimeifuata machela yetu."

"Hapa hatuna machela, bibi yangu. Tuna Kazi Namba Moja."

"Si ile pale mlangoni?"

"Hiyo ndiyo Kazi Namba Moja."

Nikaenda kuitazama. Ilikuwa imefungwa kibao. Mimi darasa la saba nilimaliza, kusoma najua. Kibao kilisema: Msanii hajulikani. Usiguse.

"Mwanangu," nikamwambia, "msanii anajulikana. Kamba hizi nimefuma mimi. Tena hapo kwenye kona nilikosea, nikarudia."

Akanitazama kwa huruma kabisa. "Bibi, usije ukarudia kusema hivyo mbele za watu. Ukijulikana, thamani inashuka."

"Mjukuu wangu mwezi wake umekaribia."

"Hongereni sana! Mwambie avute subira kidogo, maonyesho yakiisha tutaona."

Akanisindikiza mpaka nje. Akaniambia niangalie kizingiti nisijikwae.

Tukatengeneza nyingine. Mzee Mbwambo, ambaye kwa kiapo chake hupaswa kuripoti kila kitu kipya kijijini, akairipoti. Ikachukuliwa, kwa sababu pacha hawatenganishwi. Ya tatu tukaitengeneza mbaya makusudi. Mianzi hatukuimenya, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Kitanda tulikishona kwa magunia ya mbolea, na Eliamini akaipaka yote kinyesi cha ng'ombe kwa mikono yake. Bwana Sifaeli alipoiona alivua miwani akafuta machozi.

"Hapa sasa mmekomaa," akasema.

Kisha mianzi yote ya mlima ikatangazwa kuwa malighafi ya sanaa. Kuikata kukahitaji kibali cha Waziri, na Waziri alikuwa safarini akitazama anga za nchi nyingine. Tumbo la Namkunda likawa limeshuka. Alipokaa alikaa upande, na hakunitania tena habari za mbuzi.

*

Uwanja waliouchagua ulikuwa wa hospitali, kwa kuwa ndio pekee bondeni wenye nyasi. Kila siku ya soko nilishuka kuulizia machela, kwa hiyo maandalizi niliyaona yote.

Kwa kuwa yalikuwa maonyesho ya wazi, kitu cha kwanza wakauzungushia uwanja mabati, watu wasione bure. Nyasi zikapakwa rangi, kwa sababu kijani chake hakikulingana na kile kilichoidhinishwa. Mti uliokuwa ukiwapa kivuli wanaosubiri kumwona daktari ukakatwa, ukachongwa, ukasimamishwa palepale kama sanamu ya mti. Wagonjwa wanaokohoa wakahamishiwa kule nyuma jikoni, maana kikohozi kiliwavuruga mafundi waliokuwa wakipanga utulivu. Wauguzi wakavishwa ukanda wa dhahabu begani, wakafundishwa kusimama kando ya kazi na kusema, "Karibu utafakari."

Mkunga, Sista Apaisaria, alipewa machela zetu tatu. Zilipandishwa juu ya jukwaa la saruji katikati ya uwanja, zikatazamishwa mlango wa wodi ya wazazi. Mvua ilipotishia, walikimbia kuzifunika kwa maturubai. Akina mama waliokuwa kwenye foleni ya kliniki wakalowa, wakiambiwa wajivunie.

"Sista," nikamnong'oneza, "Namkunda akianza, itakuwaje?"

"Mlete, bibi. Mlete kwa namna yoyote." Alikuwa akitazama mbele kama alivyofundishwa. "Ila mwombee asianze siku ya ufunguzi. Siku hiyo hata mimi nimehesabiwa pamoja na viti."

*

Alianza siku ya ufunguzi.

Eliamini akamfunga mgongoni kwa kanga mbili, kama abebwavyo mtoto. Penye korongo magoti yakamkataa, mwanamume mwingine akampokea, na mwingine, na mwingine. Mwanzoni Namkunda alikuwa akisema, "Taratibu, jamani, taratibu." Baadaye hakusema. Mimi nilikuwa nyuma yao, kwa hiyo niliyaona mawe waliyoyapita, na yaliyokuwa juu ya mawe.

Getini mlinzi alikuwa kijana wa huko huko milimani, kilima cha pili kutoka kwetu. Akatunyooshea mkono.

"Mmekuja kama watazamaji au kama kazi?"

"Mgonjwa," akasema Eliamini. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni.

Kijana akapitia maelekezo yake. "Mgonjwa haimo."

Mara Bwana Sifaeli akaja mbio, maana gari la Waziri lilikuwa limeshaonekana barabarani. Akamwona Namkunda mgongoni mwa mwanamume, akasimama, kichwa kikainama upande. "Siku zote nasema pale kuna kitu kinapungua! Hii ni kazi iliyochelewa. Pitisha, pitisha!"

Tukapita. Mlango wa wodi ulikuwa pale, ungeweza kuurushia limau ukaupiga. Lakini askari walikuwa wamesimama mbele yake, na Bwana Sifaeli akatuelekeza jukwaani. Namkunda alazwe kwenye Kazi Namba Moja.

"Bosi, huyu anakufa," Eliamini akamwambia.

"Dakika chache tu, ndugu yangu. Mheshimiwa akishakata utepe mtampeleka. Kabla ya utepe hakuna kinachoruhusiwa kuguswa, hata na mimi."

Hivyo ndivyo mjukuu wangu alivyolala kwenye kamba zile nilizomkazia, chini ya kanga yangu mwenyewe, na pembeni yake kibao cha Usiguse. Mimi nikapanda nikamshika mkono, na Bwana Sifaeli akaniruhusu, akasema uzee wangu unaongeza kina. Sista Apaisaria alikuwa hatua moja kutoka kwetu, na mikono yake nyuma. Alinielekeza bila kugeuza shingo, midomo ikitikisika kidogo tu. "Mlaze ubavu, bibi. Ubavu wa kushoto. Mwambie asisukume. Mungu wangu, mwambie asisukume."

Waziri akapanda kwenye kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Wapo wanaouliza, mbona sanaa wakati hakuna dawa? Nami nawauliza hao: dawa mtaitundika ukutani?" Makofi. "Mataifa makubwa yalianza na uzuri, mengine yakafuata yenyewe!" Makofi.

Namkunda akapiga yowe.

Waziri akamnyooshea kidole, uso umeng'aa. "Mmesikia? Ndiyo tunaita sanaa inayosema!"

Wakapiga makofi zaidi ya yote. Tangu hapo kila alipolia walipiga makofi, na bendi ikaongezea ngoma. Waziri akaona wananchi wamefurahi, akaweka karatasi zake kando, akairudisha hotuba nyuma mpaka siku za uhuru. Utepe ulikuwa unapepea. Mkasi ulikuwa juu ya mto mwekundu, umeshikwa na binti mdogo wa shule aliyekuwa akisinzia.

Kisha Namkunda akaacha kulia. Vidole vyake vikalegea mkononi mwangu.

"Bibi," akaniambia, "humu ndani amenyamaza."

Mimi sijui hotuba. Najua neno moja la kubebea watu, na sikujua kama bado nina kifua cha kulipiga.

"Njia!"

Mpiga tarumbeta akashusha tarumbeta. Yule mlinzi akaacha geti, akaja, akaukata utepe kwa mikono yake kama anakata jani la mgomba. Sista Apaisaria akautupa ukanda wa dhahabu chini. Eliamini akaingiza bega, na wengine watatu ambao mpaka leo siwajui, mmoja ana sare ya bendi. Askari mlangoni walisogea. Waziri mwenyewe alirudi nyuma hatua mbili, akajishangaa. Nilikuja kusikia kwamba mama yake alizaliwa milimani.

Namkunda alipona. Mtoto alikuwa wa kiume, mwenye nywele nyingi, na hakulia.

Huko nje niliwasikia kupitia dirishani. Waziri aliuliza mbona kimya. Bwana Sifaeli akamnong'oneza. Kisha Waziri akatangaza kwamba katika ziara zake zote hajapata kusikia kimya chenye kina kama kile, na wakakipigia makofi wamesimama.

Nilipotoka, machela ilikuwa imerudishwa jukwaani. Walikuwa wamekataza isioshwe. Mtoto nilimpandisha mlima mikononi, ndani ya kanga ya kuazima, maana yangu ilikuwa sehemu ya kazi.

*

Baada ya hapo nikang'oa mapau mawili ya paa la jiko langu, nikafuma tena. Machela hii haikutundikwa upenuni. Niliisukuma chini ya kitanda, nikashusha shuka mpaka sakafuni. Watu wa Ngwasi walijua, na hakuna aliyeuliza. Kitu cha kila mtu kikawa kinalala gizani kwa mtu mmoja, na mimi nikawa nalala juu yake vibaya.

Mahindi yalipokuwa yanabeba, Bwana Sifaeli akapanda tena. Alikuwa ameleta cheti chenye kioo: Tuzo ya Kimya Bora, kwa Msanii Asiyejulikana. Nilinyoosha mkono kukipokea, akanikatalia kwa upole, akisema atakayekipokea lazima awe hajulikani. Akamwachia Mzee Mbwambo akitunze. Akaaga. Alikuwa amevaa viatu vilevile, na jiwe la utelezi lilikuwa palepale.

Safari hii mguu ulivunjika. Sote tuliusikia.

Tukakusanyika, tukamzunguka. Hakuna aliyeinama. Bwana Sifaeli alitutazama mmoja mmoja, rangi imemtoka. "Jamani," akasema. "Ile... ile ya kubebea. Hamna nyingine?"

Mzee Mbwambo, ambaye ni mtu wa sheria, akakohoa. "Tusimguse, ndugu zangu. Huenda ni kazi."

Mtu akaleta kamba ya mbuzi, wakaizungusha kutoka mgomba hadi mgomba, yeye katikati. Bwana Sifaeli akapiga yowe. Mmoja akapiga makofi. Mwingine akapiga. Tukapiga wote, na tulipiga vizuri, tulishafundishwa. Eliamini alipiga mpaka viganja vyake vikatoa sauti kama mbao, wala usoni hakuwa na kicheko.

Ndipo tukasikia kitu kinaburutwa. Namkunda alikuwa anatoka nyumbani kwangu, peke yake, anavuta machela kutoka chini ya kitanda changu, mapau yanachora mistari uani. Mwili wake ulikuwa bado haujarudi. Akaivuka kamba ya mbuzi, akaitandika kando ya yule bwana. Makofi yakafa.

"Njia," akasema. Hakupaza sauti.

Eliamini akamtazama mkewe kwa muda mrefu. Kisha akaingiza bega.

Walimshusha polepole kama mayai. Nilifuata nyuma, na Namkunda akafuata nyuma yangu, sikuweza kumkataza. Chini wakampakia kwenye gari, mguu juu ya kiti, jasho linamtiririka, na mimi nikashukuru imekwisha. Akashusha kioo. Akaitazama machela pale chini, na mapau yake ya jikoni. Taratibu, kwa maumivu yote yale, kichwa kikaanza kuinama upande.

"Huo weusi," akasema. "Ni moshi?"

Dereva akafungua mlango akashuka.

Nikaingia kwenye machela, nikakaa, nikalala chali. Nikakunja mikono kifuani, nikafumba macho.

"Na huyu bibi ana nini?" nikamsikia dereva.

"Amefariki," akasema Namkunda.

Nchi ile, niseme haki yake, huwaheshimu maiti kuliko wanaosubiri kuwa maiti. Dereva akavua kofia. Wakaniinua, Eliamini mbele, na nyuma, upande wa kichwa changu, nikatambua pumzi ya Namkunda. Tukaanza kupanda. Kamba zilikuwa zimebana vizuri, mgongo haukuzama.

Kwenye kona ya kwanza akanong'ona juu ya uso wangu.

"Bibi, maiti gani mzito hivi?"

"Nyamaza, mke mwenzangu. Bado anatazama."